Kosa na Nafsi ya Mkosaji



Anayesimama Forodhani akiielekea bahari ana Ngome Kongwe nyuma yake, na mbele yake, ng'ambo ya maji, kisiwa cha Changuu. Katika karne ya 19 ngome ile ilipata kutumika kama gereza. Changuu nako jengo la jela lilijengwa katika miaka ya 1890, lakini halikufunga mhalifu yeyote. Likageuzwa karantini ya homa ya manjano. Majengo hayo yatukumbusha swali ambalo kila jamii hulijibu: aliyeletwa mbele yetu ahitaji adhabu, au ahitaji tiba?

Swali hilo limo ndani ya masomo mawili ambayo baadhi ya vijana wetu hutamani kuyasoma pamoja chuo kikuu: saikolojia, yaani elimu ya nafsi, na kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu. Wazazi wengi hushangaa na kuuliza ni kazi gani itapatikana humo. Sisi twasema kwamba hamu hiyo ina maana, nayo yastahili kusikilizwa.

Kriminolojia huchunguza uhalifu katika jamii: chanzo chake, waathirika wake, na matunda ya adhabu. Saikolojia humchunguza mtu: jinsi mtoto anavyokua, jinsi uraibu unavyoitawala nia, na jinsi kumbukumbu ya shahidi mkweli inavyoweza kumpotosha. Hilo la mwisho si dogo, kwani asiye na hatia aweza kufungwa kwa neno la mtu ambaye hakukusudia kusema uongo.

Mitaa yetu yaifahamu heroini. Anayemtazama kijana aliyeiba ili apate dawa hiyo kwa jicho la sheria tu, huona mwizi. Anayemtazama kwa jicho la tiba tu, aweza kumsahau mama aliyeibiwa. Haki yahitaji macho yote mawili. Mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa waraibu methadoni, na baadaye huduma hiyo ikafika Kidongo Chekundu, hapa Unguja. Huo ni ushahidi kwamba palipokuwa na pingu tu, pameongezeka njia nyingine.

Hata hivyo, elimu hizi zikiungana pasipo haki huwa silaha. Daktari J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika mwaka 1953 kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha kijitabu chake juu ya saikolojia ya Mau Mau. Watu waliolilia ardhi yao wakaelezwa kana kwamba ni wagonjwa wa nafsi. Ndiyo sababu twawahitaji wasomi wanaoijua jamii yetu kutoka ndani, kama Mushanga wa Uganda, aliyetoa mwaka 1974 kitabu juu ya mauaji nchini mwake.

Hapa Zanzibar hatusemi magereza. Twasema Vyuo vya Mafunzo. Jina hilo ni ahadi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 nayo ni ahadi, kwani yataka mtoto aliyekosa ashughulikiwe kama mtoto. Lakini ahadi haitimizwi na karatasi. Hutimizwa na mshauri, ofisa wa ustawi wa jamii, askari na hakimu wanaomfahamu binadamu.

Kwa hiyo, wazazi, msiwavunje moyo vijana hawa. Waambieni pia ukweli: mara nyingi masomo haya hufundishwa katika idara mbalimbali, hivyo waulize chuo kabla ya kuomba nafasi, takwimu hazikwepeki, na shahada ya kwanza pekee haimfanyi mtu kuwa mtabibu wa nafsi.

Nanyi viongozi wa walei, jumuiya ndogondogo zinapokaa kujadili karo, msiyapime masomo kwa mshahara peke yake. Pimeni pia kwa swali hili: mtoto wa jirani akikamatwa usiku wa leo, tungependa apokewe na mtu aliyefundishwa nini? Tukishalijibu, tumsomeshe mtu huyo.