Lumbesa ya Kalamu

Mkulima wa viazi wa Uyole hahitaji kufundishwa maana ya lumbesa. Pale njia panda, ambapo barabara ya Tukuyu huachana na ile kuu iendayo Tunduma, ameona mara nyingi gunia likiongezwa kichwa na kushonewa kamba, huku bei ikibaki ya gunia moja. Sheria inakataza jambo hilo. Leo twataka kusema juu ya lumbesa isiyopimwa kwa mizani, nayo ni ile anayofungishiwa mwandishi wa kujitegemea.

Mwandishi huyo hana mshahara, wala likizo ya malipo, wala mwajiri wa kumchangia akiba ya uzeeni. Kinga yake ni moja tu: kuwa na wateja wengi, ili huyu akichelewa kulipa, yule amsitiri. Sasa huletewa mkataba wenye neno dogo, "pekee". Asiandikie mwingine, alichoandika kisiuzwe penginepo. Mnunuzi hujipatia utii wa mwajiriwa pasipo kubeba mzigo wa mwajiri.

Mfano ulio wazi uko Marekani, katika biashara ya michezo ya mezani, ambayo watu huicheza kwa vitabu, dadu na masimulizi. Mwaka 2016 kampuni ya Wizards of the Coast, yenye mchezo wa Dungeons & Dragons, ilishiriki kufungua soko la mtandaoni liitwalo DMs Guild. Mwandishi yeyote huruhusiwa kutunga visa kwa kutumia nchi na viumbe wa kampuni, naye hupata nusu ya bei. Lakini kazi hiyo haiwezi kuuzwa kwingine.

Tuwe waadilifu. Nusu ya bei si haba, na mtunzi ameazima mali ya mwenzake. Zaidi ya hayo, mkataba huo hufunga kazi iliyouzwa, haufungi mkono ulioiandika. Mtunzi yu huru kuandika mengine kwa ajili ya wengine. Hapo ndipo penye mpaka. Kufunga kazi moja kwa malipo ni biashara. Kuufunga mkono wenyewe bila kuulipia ni unyonyaji, na Azimio la Arusha la 1967 lilitufundisha kuuita kwa jina hilo.

Hapa kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 humpa mtunzi haki juu ya kazi yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Sheria ya Mikataba nayo haiyapendi mapatano yanayomzuia mtu kufanya kazi yake halali. Lakini je, kijana wa Mbeya au Iringa aliyelipwa ujira wa makala moja atakwenda mahakamani kwa nauli gani? Akiwa peke yake hutia sahihi, kwa kuwa kodi ya chumba haisubiri.

Dawa ni umoja. Januari 2023 kampuni ile ile ilipotaka kubadili leseni huria iliyokuwapo tangu 2000, watunzi na wachapishaji wadogo walikataa kwa sauti moja, na wachezaji wakawaunga mkono. Kabla mwezi haujaisha kampuni ilirudi nyuma. Hakuna mmoja wao ambaye angeliweza jambo hilo peke yake.

Hatusemi mchapishaji asitake upekee. Naye ametoa mtaji wake. Twasema upekee ulipiwe, uwe na ukomo, wala usivuke kazi iliyouzwa. Vyama vya waandishi na Ofisi ya Hakimiliki vitoe mkataba wa mfano kwa Kiswahili chepesi. Na magazeti, hili letu likiwamo, yaanze nyumbani kwa kuikagua mikataba ya waandishi wao wa mikoani. Hatuwezi kuikemea lumbesa sokoni huku twaishona ofisini.