Kioo Kimeziba Ukingoni: Dawa za Madereva na Ukweli Wake

Kila msimu wa baridi, Juni hadi Agosti, ushauri uleule huzunguka kwenye gereji za Karatu na kwenye foleni ya asubuhi getini Lodoare. Kioo cha mbele kimeziba, watalii wamelipa pesa nzito waione kreta ya Ngorongoro, na kila dereva ana dawa yake. Baadhi ya dawa hizo zinafaa. Nyingi ni uzushi, na mojawapo inaweza kukugharimu kioo kizima kabla ya chai ya asubuhi.

Tuanze na kauli inayozaa nyingine zote: "Ni ule ukungu wa nje, umeingia ndani." Ukungu wa nje upo, hakuna anayebisha. Upepo wa kusini mashariki unaotoka Bahari ya Hindi hugonga nyanda za juu za Ngorongoro, hupanda, hupoa, na mvuke wake hugeuka wingu linalolalia msitu. Mji wa Karatu uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya ukingoni inapita mita 2,200. Unaondoka mjini anga ni safi, baada ya muda mfupi uko ndani ya wingu lenyewe. Lakini kilichoziba kioo mara nyingi ni pumzi za mliomo garini. Mtu aliyekaa ametulia hutoa kama gramu 40 za maji kwa saa, kwa pumzi na kwa ngozi. Pakia watalii sita na dereva wao, umepata karibu gramu 280, zaidi ya kikombe cha chai kilichojaa. Ongeza makoti yaliyolowa, mazulia yenye tope, na lile paa la kunyanyua ambalo mpira wake umechoka. Maji yote hayo yanatafuta mahali penye baridi kuliko pote garini, napo ni kwenye kioo.

Anayebisha apitishe kidole upande wa ndani. Mstari ukiwa safi na kidole kikalowa, maji ni yenu. Atazame pia ukungu umeanzia wapi: kwa kawaida ni vioo vya ubavuni nyuma, walikokaa watu wengi, kisha pembe za chini za kioo cha mbele, halafu ndipo unamfikia dereva. Nimewaona madereva wakiwasha waipa mpaka mpira unapiga kelele juu ya kioo kikavu, huku wakiendelea kulaumu wingu.

"Basi funga hewa ya nje, huko unyevu umezidi." Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu kauli yenyewe ina sura ya ukweli. Hewa ya ukungu imejaa maji hadi pomoni, sivyo? Imejaa, ila kwa kipimo cha baridi. Hewa ya nyuzi 8 ikishiba kabisa hubeba kama gramu 8 za maji kwa kila mita ya ujazo. Ipitishe kwenye hita ifike nyuzi 20, hewa ileile sasa ina uwezo wa kubeba gramu 17. Imeingia garini ikiwa imeshiba, baada ya kupashwa moto ina njaa ya nusu nzima, na itaijaza njaa hiyo kwa kuramba maji yaliyo kwenye kioo. Ukifunga hewa ya nje, unawapa abiria pumzi zao wenyewe wazivute tena na tena, kila duru ikiwa na maji zaidi ya iliyotangulia.

Mbona basi kosa hili halifi? Nadhani ni kwa sababu ya vumbi. Msimu wa baridi ndio huohuo wa kiangazi, na ukishapita Lodoare lami inaisha. Dereva anayerudi kutoka Serengeti amefunga hewa ya nje tangu lango la Naabi, na kafanya vema, la sivyo abiria wangefika weupe kama wasaga unga. Kesho yake alfajiri kitufe kiko palepale: kile chenye mchoro wa gari na mshale unaojikunja ndani yake, au kwenye Land Cruiser za zamani, kijiti kilichosukumwa hadi mwisho. Vumbi limelala kwa umande, lakini hakuna aliyekumbuka kukirudisha.

"AC ni ya Dar es Salaam, huku utawagandisha wageni." Ndani ya dashibodi kuna rejeta ndogo ya baridi. Hewa ikiipita, maji yake hunata pale, kisha hutiririka kwenye mpira hadi nje. Ndiyo yale matone yanayoonekana chini ya gari lililoegeshwa Mto wa Mbu wakati wa jua kali. Baada ya hapo hewa iliyokaushwa hupita kwenye hita. Kwa hiyo AC na joto huwashwa pamoja bila kugombana: ya kwanza inakausha, la pili linapasha, na mgeni wala hahisi baridi. Ndiyo sababu magari mengi ya kisasa, ukielekeza hewa kwenye kioo cha mbele, huiwasha AC yenyewe bila kukuuliza. Kuna mpaka wake: hali ikikaribia nyuzi sifuri, mitambo mingi ya AC hukataa kufanya kazi ili isijigandishe, hapo unabaki na hita na feni tu. Na kama AC ilishakufa zamani, jambo la kawaida kwa magari ya kazi, fungua hewa ya nje, weka hita hadi mwisho, feni juu, kisha teremsha vioo viwili vya nyuma kwa upana wa kidole. Abiria watalalamika kidogo. Wape blanketi.

Wapo wasemao haya yote ni maneno mengi, mkono unatosha. Mkono una mafuta. Ukifuta kwa kiganja umepata dirisha la dakika mbili, na jua likichomoza mafuta yale yanageuka pazia linalong'aa machoni mwako, kwenye kona ambayo upande mmoja hauna kitu ila bonde la mita 600. Kioo kichafu kwa ndani pia huwahi kuziba, kwa kuwa matone hupata pa kushikia. Kisafishe jioni kwa maji yenye spiriti kidogo na kitambaa kisicho na mafuta. Sabuni au dawa ya meno iliyopakwa na kusuguliwa husaidia kweli kwa muda, hilo nakubali, maana maji hutandazika badala ya kusimama vitone vitone. Ukizidisha kidogo tu, umejitengenezea pazia jingine.

"Tanzania hakuna barafu ya kukwangua." Waulizeni wakulima wa Makete na Njombe kuhusu sakitu. Kwenye kambi za ukingoni, usiku wa Julai usio na mawingu, kioo kilichotazama anga hupoteza joto lake haraka kuliko hewa inayokizunguka. Ndiyo maana kipimajoto kinaweza kusoma nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri na kioo kikawa kimeganda. Ndugu zetu walioko Minneapolis na Toronto wana vikwangulio garini muda wote. Huku dereva anatoa kadi ya plastiki mfukoni, nayo inatosha kwa utando mwembamba. Kisu na panga zibaki jikoni.

Na ndipo anapotokea mpishi wa kambi na birika: "Mwagia maji ya moto, kaka, dakika moja tu." Kioo cha mbele ni tabaka mbili zilizobana plastiki katikati. Maji yanayochemka yanaitanua tabaka ya nje ghafla, ya ndani ingali baridi. Kioo kizima huenda kikavumilia. Lakini ni gari gani la barabara hii lisilo na alama ya kokoto? Ufa huanzia hapo, nao hukimbia hadi pembeni ukiwa unatazama. Maji ya chumvi hayapasui, ila hutiririka kwenye viungo vya bodi yakaacha kutu. Kinachofaa ni spiriti sehemu mbili kwa maji sehemu moja, ndani ya chupa ya kupulizia: spiriti inaganda kwenye baridi kali mno kuliko maji, hivyo sakitu hulegea mara moja. Na kilicho bora zaidi hakina gharama. Jioni tandaza boksi, turubai au shuka nene juu ya kioo, ubane kwa waipa, au egesha chini ya mti, anga isikione kioo.

Dawa iliyobaki ni ya tumbaku: kusugua sigara kwenye kioo ili mvua iteleze. Inatelezesha kiasi, kama sabuni. Wanaoisifu sana huwa ni wale ambao waipa zao hazifanyi kazi, na mpira wa waipa unauzwa kwenye maduka ya spea.