Gitaa likipotea, kipaji hakijapotea

Katika familia za wahami wa vita waliotoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, hakukosi kijana anayejua kuimba, kuchora ao kuandika michezo ya kuigiza. Wengi wameacha. Gitaa lilibaki kijijini, daftari la nyimbo lililowa mvua ndani ya hema, kwaya imetawanyika: mmoja Goma, mwengine Minova, mwengine kambini Uganda. Kijana akijaribu tena peke yake, sauti haitoki sawa na zamani. Hapo anajiambia: «Labda sikuwa na kipaji.»

Anajihukumu vibaya. Mtu aliyelala njaa, akiwaza ndugu asiyejua yuko wapi, hawezi kuimba kama siku ya harusi. Kilichopungua ni nguvu.

Wasikilizaji wakumbuke kundi la Staff Benda Bilili la Kinshasa. Wakubwa wake walikuwa walemavu wa polio, waliimba barabarani wakiwa juu ya baiskeli za magurudumu matatu. Kijana wao, Roger Landu, alipiga chombo cha uzi mmoja alichojitengenezea kwa kopo tupu. Walipoanza kurekodi, kituo walimolala kikateketea kwa moto, kazi ikasimama. Waliendelea na mazoezi hivyo hivyo. Watengeneza filamu waliokutana nao 2004 hawakuwaacha. Albamu «Très Très Fort» ilitoka 2009, na filamu ikaonyeshwa Cannes 2010.

Si kila msanii atafika Cannes, na kundi hilo lenyewe baadaye liligawanyika. Lakini kati ya moto na albamu kulikuwa mazoezi tu, siku kwa siku. Hayo hata mhami anayaweza: ubeti mmoja kabla ya giza, kurekodi kwa simu ya jirani, kumsikilizisha mtu mmoja anayesema ukweli bila kucheka. Juma likiwa zito, apumzike. Kupumzika si kuacha.

Wazazi nao huuliza: «Nyimbo zitatupa unga?» Wana haki, chakula ni kwanza. Ila kijana anaweza kubeba mizigo asubuhi na kuandika jioni. Akinyamazishwa, nani atawasimulia wadogo zake jinsi kijiji kilivyokuwa? Vita vimekwisha kuchukua mashamba na ng'ombe. Wazazi wasiviongezee na sauti za watoto wao.