Ufa, Ukuta na Shule ya Ngaremara

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walinena wahenga. Methali hii ikifikishwa Ngaremara, kaskazini mwa mji wa Isiolo, huzua swali: je, iwapo ufa umeanzia kwenye msingi?

Mjadala wa kukarabati shule ya umma au kuibomoa na kujenga mpya huelekea kutekwa na wenye fedha. Tangu 2003 madarasa mengi nchini Kenya yamejengwa kwa Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge. Darasa jipya huandikwa ukutani jina la aliyeligharimia. Nani amewahi kukata utepe kwa sababu mbao za paa zilizoliwa na mchwa zimebadilishwa? Ukarabati hukosa watetezi kwa kuwa hauna sherehe.

Hata hivyo, upya si uthabiti. Shule ya Precious Talent jijini Nairobi, iliyoporomoka Septemba 2019 na kuua wanafunzi, haikuwa gofu la enzi ya ukoloni. Kinachopasa kutangulia mdahalo, basi, ni ukaguzi wa mhandisi, na ripoti yake isomwe barazani kwa Kiturkana na Kiswahili, wazazi wakisikia. Msingi ukiwa thabiti, paa na sakafu zitengenezwe, na fedha zitakazobaki zinunue madawati na matangi ya maji. Msingi ukiwa umedidimia, jengo libomolewe, hata kama wazee walilichangia kwa harambee. Uchungu wao ni wa haki, ila hauzuii ukuta kuanguka.

Na kabla ya jiwe la kwanza kung'olewa, ijulikane watoto watasomea wapi. Vivuli vya migunga havitoshi shule nzima.