Mali Bila Daftari

Wapo wanaodai, hapa kwetu Uganda, kwamba Kiswahili ni lugha ya soko na kambi, haiwezi kubeba hisabati nzito. Nakataa, na ushahidi wangu ni kosa nililolifanya kwa Kiingereza.

Darasani tulipewa mlinganyo wa Burgers tuutatue kwa kompyuta. Huandikwa kwa sura mbili. Ya kwanza huzidisha u kwa mteremko wake; ya pili huchukua mteremko wa nusu ya mraba wa u. Wimbi likiwa laini, sura hizo ni pacha. Likisimama wima na kuwa wimbi la mshtuko, undugu wao hufa.

Nilichagua ya kwanza. Nikagawa mstari katika visanduku: vya kushoto vyote 1, vya kulia vyote 0. Programu haikulalamika, picha ikatoka safi, na wimbi halikusogea hata kisanduku kimoja. Nikapunguza visanduku mara kumi, wapi! Jaribu kwa mkono: kisanduku chenye 0 huzidisha kila kitu kwa 0, chenye 1 kina jirani wa kushoto mwenye 1, na tofauti yao ni 0. Hakuna kitakachobadilika milele. Jibu la kweli ni kwamba wimbi husafiri kwa kasi ya nusu, yaani wastani wa 1 na 0.

Nilipomweleza mwenzangu wa chumbani kwa Kiswahili, yeye asiyesoma hisabati, aliuliza: "Kushoto inaingia nusu kila sekunde, kulia haitoki kitu, na jumla ni ileile. Nani kaiba?"

Swali hilo ndilo somo zima. Kinachotoka kisanduku hiki ndicho kiingie cha pili, bila pungufu wala ziada. Mwaka 1960 Lax na Wendroff walithibitisha kwamba mbinu inayotimiza sharti hilo, ikikaribia jibu kadiri visanduku vinavyopungua, jibu hilo hutii sheria ya uhifadhi. Kweli, majibu ya namna hiyo yanaweza kuwa mengi, na kuna sharti jingine la kuchagua lililo halali. Lakini asiye na daftari hafiki hata kwenye uchaguzi huo.

Kwa hiyo, wanaotuambia kwamba dawa ya kila kosa ni visanduku vidogo zaidi wanatupotosha. Na sisi wanafunzi tunajipotosha tunapoisifu picha kabla ya kujumlisha. Mimi jina la Kiingereza la sharti hilo nilikuwa nimelikariri na kupata alama zake. Sikulielewa.

Walimu wetu, kabla ya picha, tudaini jumla: kilichokuwamo, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Na mtuache tuieleze kwa lugha tunayofikiria. Mali bila daftari hupotea bila habari. Waliosema hivyo hawakuwa na kompyuta, lakini wimbi langu wangelikamata.