Nani Anakula Chaki Zetu?

Mwezi huu safu yetu inawaletea kisa cha upelelezi. Majina tunayaficha, maana wenyewe tuko nao hapa hapa na tunachota maji bomba moja.

Katika darasa la sita chaki zilianza kupotea. Mwanzoni kipande kimoja, halafu viwili, mwishowe boksi lililofunguliwa Jumatatu likawa tupu Alhamisi. Na chaki kwetu si kitu cha mchezo. Vitabu havitoshi, kwa hiyo mwalimu anaandika somo zima ubaoni na watoto wananakili. Chaki ikiisha, somo limeisha.

Vijana watatu wakajiita wapelelezi. Mkubwa wao ana miaka 14, tumwite Inspekta. Akatangaza washukiwa. Wa kwanza ni mbuzi wa jirani, ambaye alishawahi kula daftari la hesabu pamoja na kazi ya nyumbani. Wa pili ni mama mmoja mjamzito anayepita pale kila asubuhi, kwa sababu wajawazito hupenda kula udongo na, eti, "chaki ni udongo mweupe." Wa tatu ni mwalimu wa zamu, kwa sababu mfuko wa suruali yake ulikuwa mweupe kila siku. Mwalimu huyo ndiye mimi. Nilihojiwa chini ya mwembe, na Inspekta hakucheka hata mara moja.

Mbuzi aliwekewa chaki puani. Akanusa, akaiacha, akala kamba yake. Akaachiliwa. Yule mama mjamzito alipoulizwa, upelelezi ulikimbizwa na mwiko mpaka barabarani.

Ndipo wakatega mtego. Jioni moja walinyunyiza jivu sakafuni karibu na meza ya mwalimu. Asubuhi wakakuta alama za ndala ndogo, ya kushoto imeshonwa kwa waya. Darasa zima lilikuwa linaijua ndala ile. Ni ya binti anayeshika nafasi ya kwanza kila muhula, mpole, ila siku zile alikuwa anasinzia darasani kama mlinzi wa usiku.

"Mwizi! Mwizi!" wakapiga kelele.

Binti akainamisha kichwa. "Mwalimu, mie sijaiba. Nimekopa."

"Umekopa kwa nani?"

"Kwa ubao."

Wenzake walicheka sana, lakini yeye machozi yalikuwa yanamtoka. Nikaona hapa kuna jambo. Baada ya masomo nilimsindikiza kwao. Inspekta akatufuata kwa siri, akijificha nyuma ya miti myembamba kuliko yeye mwenyewe.

Kwao, upande wa ndani wa mlango wa mbao ulikuwa umeandikwa kwa chaki: a e i o u, ba be bi bo bu. Mama akakimbia kuufunika kwa kitenge. Halafu akaketi, akasema ukweli.

Miezi mitatu nyuma, mtu wa Msalaba Mwekundu alimletea barua ya baba wa watoto, waliyeachana naye siku ya kukimbia Kivu, kabla hawajavuka Ziwa Tanganyika. Mama hajui kusoma. Zamani jirani alimsomea barua, na kabla ya jua kuzama mstari wote wa bombani ulikuwa na habari. Safari hii akaificha barua ndani ya mfuko wa unga, asimwambie mtu. Binti alipochota unga wa ugali, akaiona. Wakakubaliana: hakuna atakayeisoma ila mama mwenyewe. Wadogo wakilala, shule ya mlangoni inaanza.

"Lakini mama, si binti yako angekusomea tu?"

"Mwalimu wangu, kama mule ndani kuna mke mwingine, mtoto ndiye aniambie?"

Sikuwa na jibu. Mara nje ya ukuta mtu akapiga chafya. Inspekta! Akaingizwa ndani, akaapa kunyamaza. Kesho yake akasimama mbele ya darasa, akasema mwizi hayupo, akamwomba binti msamaha. Halafu akaweka mezani vipande vitatu vya chaki. Kumbe naye alikuwa na deni: alikuwa anachorea goli la mpira.

Mama ameniruhusu niandike haya bila jina, ili wengine wasione haya. Ameshafika mstari wa tatu wa barua. Kilichomo ni chake.

Sasa tusikilizane. Kutafuta ndugu waliopotezana vitani ni kazi ya zamani ya Msalaba Mwekundu. Mwaka 1870, wakati wa vita vya Wafaransa na Wajerumani, ofisi ya kwanza ya kazi hiyo ilifunguliwa mjini Basel, Uswisi. Ujumbe wao ni wa bure, hauna bahasha ya kufungwa, na unabeba habari za familia tu, bila siasa wala vita. Usiyejua kuandika unaweza kuomba uandikiwe. Na ukitaka kusomewa, omba usomewe faraghani, si mbele ya majirani.

Wazazi na walimu, mtoto anayesinzia darasani tumwulize kwanza, fimbo ikae pembeni. Pengine amebeba siri ya nyumba nzima. Na wewe mtu mzima unayejifunza kwa kificho, usione aibu. Vipande vifupi vya chaki tunavikusanya sasa kwenye kopo, njoo uombe. Visipokuwepo, kipande cha mkaa na ubao wa kawaida vinatosha.

Fumbo la mwezi ujao: nani anaificha kengele ya shule kila siku ya mtihani wa hesabu? Wapelelezi wameshaanza kazi. Mbuzi amekwisha kuhojiwa.