Wataalamu wa Usemi Wafike Mbozi

Mtoto akitimiza miaka mitatu bila kutamka neno, majirani humwita bubu, na wazazi hukubali. Sisi hatukubali. Huenda mtoto huyo hasikii tu. Na asiyesikia maneno atajifunzaje kuyasema?

Elimu ya kumtambua mapema sasa yapatikana nchini. Chuo Kikuu cha Muhimbili kina shahada ya usikivu na usemi, na mwaka 2017 hospitali ya huko ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu, kazi ambayo kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa India. Tunawapongeza. Lakini kutoka Mbozi Misheni hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na si kila msimu mkulima wa kahawa ana nauli hiyo.

Tena liko jambo la lugha. Watoto wengi wa Mbozi huanza na Kinyiha nyumbani, Kiswahili kikafuata. Mtaalamu asiyejua Kinyiha aweza kumhesabia mtoto kosa pale anapotamka sawasawa na mama yake! Kwa hiyo vijana wa Mbozi waliofaulu sayansi wasikimbilie udaktari peke yake. Waombe nafasi katika masomo haya. Nayo Serikali haina budi kuwaajiri katika hospitali za wilaya na za misheni, wala isiwaache wote wakarundikana mjini.